Kinshasa: namna ya kupata chumba cha bei nafuu, makuta yasiishe mbele ya kazi kuisha

Wakaaji wa Kivu, Ituri, Maniema, Tshopo na Tanganyika wanafika Kinshasa kwa kazi ambazo haziwezi kumalizika kwao: viza, pasipoti iliyokwama, faili la mtumishi wa serikali kwenye wizara, kesi iliyopanda mahakama ya juu, mgonjwa anayetafuta daktari bingwa, mtoto anayeanza masomo ya chuo kikuu. Tiketi ya ndege wanaihesabu vizuri. Siku za kulala, wengi wanazihesabu kwa kukisia tu: "nitafika, nitaona." Ndipo makuta yanaisha siku ya sita, na faili bado liko mezani kwa mtu.

Tangu vita vya mwaka 2025 safari yenyewe imekuwa ndefu zaidi kwa watu wa Goma na Bukavu. Wengine wanazunguka kupitia Beni, Bunia ao nchi jirani mbele ya kupata ndege. Mtu anafika mji mkuu akiwa tayari ametumia sehemu kubwa ya alichonacho. Kwa hiyo chumba si jambo dogo. Ndicho kinachoamua kama msafiri atarudi na karatasi aliyoifuata ao mikono mitupu.

Kwa nini chumba ni ghali

Kinshasa ni mji wa serikali, wa mabalozi, wa Umoja wa Mataifa na wa mashirika makubwa. Watu hao wanalipiwa na ofisi zao, na hoteli nyingi zinaweka bei kwa kuwaangalia wao. Hoteli kubwa zinazojulikana, kama Pullman, Memling na Fleuve Congo, ziko kwa ajili ya wateja wa namna hiyo. Hata hoteli za katikati zinazokaa karibu yao zinafuata upepo huo huo.

Sababu nyingine ni gharama ya kuendesha hoteli. Umeme wa SNEL unakatika, maji ya REGIDESO yanakosa. Mwenye hoteli ananunua jenereta na mafuta, anachimba kisima ao anajaza tanki. Vitu vingi vya ndani vinatoka ng'ambo kupitia Matadi, kisha vinapanda barabara ya karibu kilomita 350 mpaka Kinshasa. Yote hayo yanaingia kwenye bei ya kitanda, na bei yenyewe inasemwa kwa dola.

"Ville" na "cité"

Mji una komine 24. Ukubwa wake kwenye ramani unadanganya, kwa sababu Maluku na Nsele peke yake zinachukua ardhi kubwa yenye mashamba. Kwa msafiri, jambo la kwanza ni kuelewa neno wanalolitumia wenyeji: "ville" na "cité".

"Ville" ni Gombe. Ndipo kuna boulevard du 30 Juin, wizara, mabenki, balozi nyingi na ofisi za makampuni ya ndege. Huko chumba ni ghali kuliko kwingine kote. "Cité" ni komine za watu: Barumbu, Lingwala, Kintambo, Bandalungwa, Kasa-Vubu, Kalamu, Lemba, Matete, Masina, Ndjili na nyingine. Huko hoteli ndogo ziko nyingi, na bei inashuka kadiri mtu anavyoachana na Gombe.

Lakini kuachana na Gombe kuna bei yake. Mji huu una ambutiyaji inayoweza kula saa mbili ao tatu asubuhi. Tena kuna desturi ya madereva inayoitwa "demi-terrain": gari linakata njia katikati, abiria anashuka, analipa tena gari lingine kwa safari ileile. Mtu anayelala Kimbanseke na kufanya kazi Gombe anaweza kulipa magari mawili ao matatu kwenda, na hesabu ileile kurudi. Wewa, yaani pikipiki, inapita haraka lakini inakula makuta, na mvua ikinyesha bei inapanda.

Hesabu ya kweli: chumba, njia, siku

Kosa la kawaida ni kulinganisha bei ya usiku mmoja tu. Hesabu nzuri ina vitu vitatu: chumba, njia na idadi ya siku.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya hoteli fulani. Msafiri wa kwanza anapata chumba cha dola 20 mbali na ofisi. Kila siku anatumia dola 6 kwa magari na chakula cha njiani. Mara mbili anafika wakati ofisi imekwisha kupokea watu, mara moja anakuta mkubwa ametoka. Kazi ya siku tano inakuwa ya siku nane. Chumba kinamfikisha dola 160, njia dola 48: jumla 208. Msafiri wa pili anachukua chumba cha dola 35 mahali anapoweza kwenda kwa mguu ao kwa gari moja. Anakuwa mlangoni asubuhi sana, anamaliza kwa siku tano: dola 175 za chumba na dola 5 ao 10 za njia. Chumba chake kilikuwa ghali, safari yake ikawa rahisi.

Hesabu hiyo inageuka kama mtu hana haraka ya ofisi. Anayekuja kumtembelea ndugu, kufanya biashara ya soko ao kuhudhuria arusi hana sababu ya kulipia ukaribu na wizara. Neno ni moja: kwanza kujua kazi iko wapi, kisha ndipo kutafuta chumba.

Kulala karibu na kazi

Kwa mwenye kazi ya balozi, wizara ao benki, komine zinazopakana na Gombe ndizo za kuangalia kwanza: Barumbu, komine ya Kinshasa, Lingwala na Kintambo. Bei huko ni ya "cité", lakini boulevard iko karibu.

Kwa mgonjwa anayepelekwa Cliniques universitaires, kulala Gombe ni kupoteza. Hospitali hiyo iko kwenye kilima cha Mont-Amba, komine ya Lemba, pamoja na Chuo Kikuu cha Kinshasa. Anayemlinda mgonjwa atafute Lemba kwenyewe, upande wa Righini ao Salongo, ama karibu na rond-point Ngaba. Wazazi wanaoleta wanafunzi wa UNIKIN wanafuata njia hiyohiyo. Hôpital général, ile wazee bado wanaiita Mama Yemo, iko Gombe. Kwa hiyo Barumbu na Lingwala zinafaa. Hospitali ya Biamba Marie Mutombo iko Masina, kwenye upande wa njia ya uwanja wa ndege, na mtu anayeenda huko hana haja ya kuvuka mji mzima.

Kabla ya kuondoka, ni vizuri kuuliza hospitali yenyewe kama mlinzi wa mgonjwa anaruhusiwa kulala ndani, na kwa masharti gani. Jibu hilo peke yake linaweza kuokoa chumba kimoja.

Nyumba za makanisa

Kwa watu wengi wa mashariki, hii ndiyo njia ya kwanza. Makanisa yana nyumba za kupokea wageni, na hayaulizi kama mtu ni mwamini wao. Chumba ni cha kawaida: kitanda, chandarua, meza, maji, wakati mwingine chai ya asubuhi. Kilicho cha thamani ni usalama na utulivu, zaidi kwa mama anayesafiri peke yake ao na watoto.

Ndani ya Gombe kunajulikana Centre d'accueil protestant, ya Kanisa la Kristo katika Kongo, na Procure Sainte-Anne, ya Kanisa Katoliki. Bei za nyumba za Gombe haziwezi kuwa za Masina, lakini kwa kawaida ziko chini sana ya hoteli kubwa za jirani, na mtu analala katikati ya "ville". Kwenye "cité" kuna nyumba nyingine za masista, za mapadri na za parokia, ndogo zaidi, na ambazo hazijulikani sana.

Mambo matatu ya kukumbuka. Kwanza, vyumba vinajaa haraka wakati wa semina na mikutano ya kanisa. Kupiga simu wiki mbili mbele si kupita kiasi. Pili, nyumba hizo zina sheria: geti linafungwa usiku, wageni hawapandi vyumbani, pombe hakuna. Tatu, barua ya pasta ao ya padri wa nyumbani inasaidia. Waamini wa CBCA, CEPAC ao CECA 20, kwa mfano, wako ndani ya familia moja ya Kanisa la Kristo katika Kongo. Barua yenye muhuri inamfanya mgeni ajulikane, na pengine kupunguziwa bei kama amekuja kwa ugonjwa.

Hoteli ndogo za "cité"

Hoteli hizi hazionekani sana kwenye intaneti. Programu za kutafutia hoteli zinaonyesha zaidi zile za Gombe zinazopokea kadi ya benki. Hoteli ndogo inapatikana kwa simu, kwa WhatsApp, na kwa mdomo wa mtu aliyelala huko.

Jambo la kuangalia sana ni aina ya hoteli. Nyingi zinaishi kwa "passage", yaani vyumba vinavyokodishwa kwa saa. Huko watu wanaingia na kutoka usiku kucha, baa iko chini, muziki haulali. Bei inaweza kuwa ndogo, lakini mama mwenye mgonjwa ao mtu mwenye mahojiano ya viza asubuhi hatapumzika. Njia ya kutambua ni rahisi: kuuliza bei ya "nuitée" na kusikiliza kama mtu wa mapokezi anajibu kwanza bei ya saa. Ni vizuri pia kupita pale jioni kabla ya kulipa, kwa sababu hoteli iliyotulia saa nne asubuhi inaweza kuwa soko saa nne usiku.

Flat kwa familia

Familia ya watu wanne, ao wafanyabiashara watatu, mara nyingi wanafaidika kwa kuchukua "flat": nyumba ndogo yenye vyumba, jiko na sebule, inayokodishwa kwa siku ao kwa wiki. Bei ikigawanywa kwa watu inashuka. Faida kubwa ni jiko. Chakula cha mkahawa kwa siku kumi kinaweza kupita bei ya chumba, lakini fufu, samaki na majani ya soko ya kupika wenyewe havifiki huko. Anayechukua flat aulize nani analipa umeme na mafuta ya jenereta, maana ndipo mabishano yanatoka.

Kwa ndugu si bure

Wengi wanalala kwa ndugu, na hakuna aibu. Lakini nyumba za Kinshasa ni ndogo, na mwenye kupokea naye anahesabu siku. Ndugu anayepigiwa simu akiwa mgeni yuko uwanjani tayari hana nafasi ya kusema hapana, na makwazo yanaanza hapo. Anayetoa taarifa mbele, anayesema ukweli juu ya siku atakazokaa, na anayetoa kitu kwa ajili ya chakula cha nyumba kila wiki, anapokelewa vizuri hata mara ya pili. Mkono mtupu hauendi: fromaji ya Masisi, sambaza, ndagala ao maharagi ya nyumbani yanafurahisha nyumba kuliko makuta.

Kwa asiye na ndugu, kuna mitualite za watu wa majimbo na makabila. Hazitoi vyumba kila mara, lakini zinajua hoteli gani inaheshimu wageni na mtaa gani wa kukwepa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Wanaopokea simu wanazungumza Kifaransa na Kilingala. Wengine wanasikia Kiswahili. "Talo boni?" inatosha kuanzisha mazungumzo ya bei. Msafiri akumbuke pia kwamba Kinshasa iko nyuma kwa saa moja: saa tatu ya Goma ao Kisangani ni saa mbili ya huko.

Maswali yenyewe ni haya:

– Bei ni ya chumba ao ya mtu? Mtu wa pili analipa?
– Kuna bei ya wiki? Anayelala siku saba ana haki ya kuomba punguzo, na mara nyingi linapatikana.
– Jenereta inawaka saa ngapi mpaka saa ngapi? Chumba chenye klima bila jenereta ya usiku ni bei ya bure. Vantilateri na dirisha lenye wavu vinatosha.
– Maji yanatoka bombani ao yanaletwa kwa ndoo?
– Chumba kinaachwa saa ngapi? Wengi wanasema saa sita mchana. Akichelewa, mgeni anadaiwa usiku mzima.
– Mvua ikinyesha, njia inapitika?

Swali la mwisho si la mchezo. Mwezi wa nne 2025 mto Ndjili ulifurika, ukaua watu na kukata njia ya kwenda uwanja wa ndege. Mwezi wa kumi na mbili 2022 mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya mia moja mjini. Chumba cha bei ndogo kwenye bonde, karibu na mto ao mfereji uliojaa chupa, kinaweza kuwa ghali sana usiku mmoja tu. Msimu wa mvua unashika kuanzia mwezi wa tisa ao wa kumi mpaka wa tano.

Dola, resi na wadanganyifu

Bei inasemwa kwa dola, lakini inaweza kulipwa kwa franga. Hapo hoteli inatumia "taux" yake, ambayo si lazima iwe ya kambisti wa barabarani. Ni kuuliza mbele. Noti ya dola yenye kupasuka kidogo, kuandikwa ao kuchakaa inakataliwa, hata kama ni ya kweli. Kwa hiyo ni kuzichagua noti nyumbani. Ni vizuri kutobeba makuta yote mfukoni: M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinatumika kote mjini. Kwa watu wa Goma, ambako benki zilifunga milango mwanzoni mwa 2025, hiyo imekuwa ndiyo njia ya kila siku.

Wadanganyifu nao wapo. Mtu anatuma picha nzuri za chumba, anaomba nusu ya bei kwa simu, kisha namba inazimwa. Kanuni ni hii: hakuna kutuma makuta kwa mtu ambaye hakuna anayemjua. Kama hoteli inadai malipo ya mbele, ndugu ao rafiki aliye Kinshasa apite kwanza, aone chumba, alipe usiku mmoja, achukue resi yenye muhuri. Resi inaandikwa tarehe, idadi ya usiku na bei. Kadi ya uchaguzi inatosha kama kitambulisho kwenye mapokezi. Aonyeshe, aandikiwe, airudishe mfukoni. Kuiacha mapokezi mpaka siku ya kuondoka si vizuri, kwa sababu mjini mtu anaweza kuulizwa karatasi wakati wowote.

Kama siku zinaongezeka

Ofisi ikisema "rudi siku ya kwanza" siku ya tano, msafiri tayari ana usiku tatu zaidi. Kwa hiyo mwenye busara anaweka pembeni makuta ya usiku tatu ambayo hayagusi. Matibabu ao masomo yakifikia miezi, hoteli haifai tena. Inabidi kupanga nyumba. Sheria ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 juu ya kupanga nyumba inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi 3. Kwa mazoea, wenye nyumba wengi wa Kinshasa wanaomba zaidi ya hapo, na komisioneri naye anataka sehemu yake. Kuijua sheria kunampa mpangaji nguvu ya kubishana bei, na mkataba wa kuandikwa ndio utakaomsaidia kurudishiwa garanti yake siku ya kuondoka.

Usiku wa mwisho

Uwanja wa Ndjili uko zaidi ya kilomita 20 kutoka Gombe, na boulevard Lumumba inaweza kuziba tangu alfajiri. Kwa ndege ya asubuhi, wengi wanahama siku moja mbele na kulala Masina ao Ndjili, ambako hoteli ni rahisi na uwanja uko karibu. Ndege za ndani zinaahirishwa. Kwa hiyo hata chumba hicho ni kukiulizia kama kinaweza kupatikana usiku wa pili.

Anayefanya hesabu hizi nyumbani, kabla ya kununua tiketi, pengine atagundua kwamba makuta hayatoshi, na kwamba ni afadhali kungoja mwezi mmoja ao kumpa mtu wa Kinshasa ruhusa ya kuandika ili afuatilie faili kwa niaba yake. Hilo nalo ni jibu zuri. Kuligundua Bunia ao Uvira ni afadhali kuliko kuligundua mbele ya mapokezi ya hoteli, mfuko ukiwa mtupu.